Sindano ya Tano

Mdogo wangu aliponipigia simu na kuniambia kuna ndege inataka kushonwa, nilidhani ananitania. Mimi ninashona viti vya magari. Nina banda langu Mwanjelwa, jijini Mbeya, na humo ninashona viti, maturubai ya malori, magodoro ya pamba kwa wazee wachache ambao bado wanayataka, na mara moja moja hema la harusi lililochanika. Ndege nilizijua zile zinazopita juu kuelekea Songwe, na hizo sikuwahi kuona mshono wake.

"Hii ni ya kitambaa, Dada," alisema. "Mabawa ni mbao, juu ya mbao kinavutwa kitambaa, halafu kinashonwa kwa mkono kwenye kila ubavu wa bawa. Mimi na Baba tumejaribu. Tunashona kama watu wanaofunga kiroba cha mkaa."

Nikamwuliza baba yupi.

"Mzee wa kazini," alisema. "Ndivyo watu wote hapa wanavyomwita."

Baba yetu alifariki nikiwa darasa la saba. Mama alimfuata nikiwa kidato cha pili. Matanga yalipoanuliwa, ndugu walikaa sebuleni kutugawa: mdogo wangu wa kiume aende Tukuyu, wa kike aende Chunya, mimi nibaki na shangazi pale pale mjini. Niliingia na birika la chai, nikaliweka chini, nikawaambia hatugawanyiki. Sijui sauti ile niliipata wapi. Wiki iliyofuata sikurudi shuleni. Nilikwenda kwa mzee mmoja fundi magodoro nikamwomba anifundishe kazi, na tangu siku hiyo sijaacha kushona.

Mdogo wangu wa kiume alikuwa na miaka minne. Alishinda chini ya meza ya fundi kila siku kwa sababu sikuwa na wa kumwachia, na hapo chini ya meza ndipo alipoanza kuniita Mama. Nilimkataza. Nilimwambia mama ni mmoja, na yuko kule tulikompeleka. Mimi ni Dada. Alilia siku moja. Siku ya pili akazoea. Miaka yote hii sikuwahi kujuta kwa neno hilo, mpaka nilipofika Kihesa.

Nilipanda basi la alfajiri kwenda Iringa nikiwa na begi la vifaa na mchele wa Rujewa, kilo kumi. Mdogo wangu wa kike ameolewa huko Rujewa, analima mpunga na mumewe, na aliutuma mchele huo hasa kwa ajili ya mdogo wake. Nyumba ya yule mzee ilikuwa Kihesa, mahali penye mawe makubwa yaliyokaa nyuma ya nyumba za watu kama ng'ombe waliolala. Nyuma ya nyumba kulikuwa na ghala, na ndani ya ghala kulikuwa na ndege.

Ilikuwa ndogo. Viti viwili, kimoja nyuma ya kingine. Mwili wake ulikuwa umekwisha kufunikwa na kupakwa rangi nyeupe, lakini mabawa yalikuwa yamelazwa juu ya meza ndefu, uchi, mbao nyembamba nyembamba zilizopangwa kama mbavu za samaki. Ndani ya mbavu hizo zilipita waya za kuongozea ndege, zikizunguka kwenye puli ndogo zisizozidi kifuniko cha chupa. Kila nati niliyoiona ilikuwa na tone la rangi nyekundu. Mdogo wangu alinieleza kwamba ukishakaza nati kwa kipimo chake unaiwekea tone, ili kesho mwingine asiulize kama imekazwa, na ikilegea, tone linapasuka unaona. Alieleza vizuri. Nilimtazama mdomo wake anavyosema nikaona amekuwa mtu mzima mahali ambapo sikuwepo.

Mzee mwenyewe alikuwa mwembamba, amevaa sweta la kijivu na miwani iliyofungwa kamba shingoni. Babu yake alikuja kutoka Bara Hindi, baba yake alizaliwa Iringa, na familia yao imeuza vipuri vya mashine za kupasulia mbao tangu zamani. Alinisalimia "Kamwene" kama Mhehe wa kweli. Nikamjibu kwa Kiswahili. Alikuwa ameagiza ndege ile ikaja ikiwa vipande ndani ya masanduku, na michoro tu peke yake ilijaza sanduku zima. Mdogo wangu alipomaliza chuo cha ufundi aliajiriwa dukani kwake kuuza bolti. Siku moja mzee akamkuta nyuma ya duka akisoma mchoro wa bawa kwa kidole. Kuanzia hapo bolti ziliuzwa na mwingine. Miaka minne walikuwa wanajenga pamoja.

Ilibaki kufunika mabawa, kisha ukaguzi. Mkaguzi angetoka Dar es Salaam, na bila karatasi yake ndege hairuhusiwi kuacha ardhi. Mzee alikuwa na mkwe Arusha mwenye karakana ya ndege, na mkwe huyo alikuwa amesema wazi: ndege ikipita ukaguzi, kijana aliyeijenga aje, kazi ipo. Isipopita, hakuna Arusha. Mdogo wangu alinieleza hayo tukiwa bado mlangoni mwa ghala, hata begi sijalitua.

Nikasema Mungu asaidie. Nilisema kweli, nusu.

Chuo kile cha ufundi nilikilipia kwa kushona. Sikitaji kwa kudai. Nakitaja ili ieleweke nilivyojisikia kumsikia mzee akisema "kijana wangu" kila baada ya sentensi mbili. Kijana wangu ana jicho. Kijana wangu hakosei kipimo. Jioni ile mke wa mzee alipika ule mchele wa Rujewa, kwa viungo vyao, karafuu na vitunguu vya kukaangwa mpaka vikawa kahawia. Mdogo wangu alikula sahani mbili. "Leo umeupatia, Mama," alisema. Hakusema mchele umetoka wapi. Mimi nilikula, na wali ulikuwa mtamu kweli. Hilo lilinikera zaidi kuliko kama ungekuwa mbaya.

Usiku wa kwanza mdogo wangu alikohoa. Anakohoa kila baridi ya Juni tangu akiwa mtoto, na dawa yake ni kumweka kifua wima na kumpa maji ya moto yenye tangawizi, yasiwe na sukari. Niliamka asubuhi kuyatayarisha nikakuta yapo mezani, yamefunikwa na kisahani. Nikaonja. Hayakuwa na sukari.

Kazi yenyewe ilikuwa nzuri, siwezi kusema uongo. Bawa husimamishwa wima kama mlango. Mtu mmoja anakaa upande huu, mwingine upande ule, na kati yao kitambaa kilichovutwa kama ngozi ya ngoma. Unaingiza sindano ndefu, ndefu kama mkono kutoka kiwiko mpaka kidole, inapita pembeni ya ubavu, mwenzako anaipokea, anairudisha upande wa pili wa ubavu, nawe unafunga fundo. Kila inchi mbili fundo. Mzee alikuwa amejifunza fundo hilo kwenye kitabu cha maelekezo, akanionyesha kwa kamba ya kiatu. Nililifunga mara ya kwanza. Akalivuta, akalivuta tena.

"Mkono huu haurudii," akasema.

Mdogo wangu akacheka kwa fahari. "Si nilikwambia?"

Basi moyo ulipoanza kutulia, mzee akaongeza, "Na kijana wangu ni hivyo hivyo."

Kwa siku tano mdogo wangu alikaa upande wa pili wa kitambaa. Sikumwona, lakini sindano ilikwenda na kurudi, na sauti yake ilipita kwenye kitambaa ikiwa karibu kuliko kama tungetazamana. Tulizungumza habari za shangazi, za jirani yetu aliyekuwa akifuga bata, za siku aliyojificha ndani ya godoro lililojazwa nusu, fundi akaanza kulishona naye yumo. Zilikuwa siku zangu bora kwa muda mrefu. Nilikuwa nikishona taratibu kuliko ninavyoweza, ili zisiishe.

Hapa lazima nieleze jambo la sindano. Fundi magodoro alinifundisha kwamba sindano hazikai mezani wala mdomoni. Zinachomekwa kwenye kitambaa kilichofungwa kifuani, na kabla hujaziba mshono wa mwisho unazihesabu, maana sindano iliyobaki ndani ya godoro itampata mtoto wa mtu. Hazihesabiwi kimya kimya. Unauliza kwa sauti, "Zimetimia?" na aliye nawe anahesabu kwa macho yake kifuani kwako na kujibu, "Zimetimia." Asipojibu hufungi. Aliyekuwa akinijibu mimi miaka yote ile ni mtoto aliyekaa chini ya meza. Mdogo wangu alijifunza kuhesabu kwa sindano zangu kabla hajajua darasa.

Niliingia Kihesa na sindano ndefu mbili na za kupinda tano, zile ndogo kama ukucha wa paka, za kushonea pembe na ncha.

Siku ya sita tulikuwa tumebakiza ncha ya bawa la kushoto. Ilikuwa alasiri. Mke wa mzee alitokea mlangoni mwa ghala na sinia. "Mwanangu, chai inapoa," alisema, na mdogo wangu aliweka chini alichoshika, akatoka. Hakuniambia neno. Nilimsikia nje akimweleza kitu, yule mama akicheka kile kicheko cha mtu anayekijua kichekesho tangu mwanzo. Kisha wakaingia ndani ya nyumba.

Nilishona ncha ile peke yangu. Nilishona kwa hasira, na mshono wa hasira huwa mzuri, umekaza, wala hauonyeshi kitu. Nilipofika mwisho nilisimama na uzi mkononi. Nikajua ninachotakiwa kuuliza. Hapakuwa na wa kujibu. Nikasema moyoni, kama ana chai anywe chai, nikafunga fundo, nikakata uzi.

Baada ya hapo kila mshono ulifunikwa kwa utepe wa kitambaa, na bawa lote likapakwa dawa ya kukaza, tabaka juu ya tabaka, ghala zima likinuka rangi ya kucha. Halafu rangi nyeupe. Mabawa yalifungwa kwenye mwili, na waya zikaunganishwa. Ndege iliwekwa juu ya mizani mitatu ya magunia iliyoazimwa mashineni, gurudumu moja kila mzani, mdogo wangu akasoma na mzee akaandika. Mimi nilikuwa nimebaki tu kwa kuwa mdogo wangu aliniomba nisubiri ukaguzi. Nilikaa kwenye kigoda pembeni nikiangalia wanavyofanya kazi. Walikuwa hawamalizi sentensi. Mmoja anasema "ile ya...", mwingine ameshampa. Mimi na yeye tulikuwa hivyo zamani.

Siku mbili kabla ya ukaguzi nilianza kufunga begi langu. Sindano ndefu mbili. Za kupinda nne.

Nilimwaga begi lote. Nilikung'uta kitambaa cha kifuani, nguo, viatu. Nilifagia ghala kwa mkono, nikapepeta takataka kwenye ungo niliouomba jikoni. Kila mara nilijua iko wapi.

Nilimwita mdogo wangu nje, karibu na mawe, nikamwambia. Alinisikiliza mikono ikiwa mfukoni.

"Imeanguka sakafuni, Dada. Ghala limefagiwa mara ngapi?"

Nikamwambia sikuhesabu kabla ya kufunga. Alijua maana yake. Niliona uso wake unabadilika kidogo kisha unarudi. Nikamwambia tutafute sumaku tuipitishe juu ya bawa, kama tulivyokuwa tukifanya kwenye magodoro kwa sumaku ya spika mbovu. Akasema rangi haijakauka vizuri, ukiigusa umeikwangua, na mkaguzi ataanza kuuliza kwa nini imekwanguliwa. Akasema sindano ya ukubwa ule haiwezi kuangusha ndege. Kisha akasema lile lingine.

"Wewe hutaki niende. Tangu umefika hutaki."

Ningeweza kubisha juu ya sumaku. Ninajua rangi inavyokauka, ninajua kufunga sumaku kwenye pamba isikwangue kitu. Sikubisha. Alikuwa amegusa penyewe, na mtu akikugusa penyewe unasahau ulichokuwa unakitetea. Nilirudi kwenye kigoda changu. Nikajiambia nimesema, aliyekataa ni yeye.

Mkaguzi alikuja asubuhi ya Jumatano. Nilitegemea mwanaume mwenye tumbo na mkoba. Alishuka mwanamke wa rika langu, nywele fupi, ovaroli ya bluu iliyofuliwa mpaka imepauka magotini, na tochi shingoni. Wivu niliokuwa nao siku zote hizo ulipata mtu mwingine wa kumwendea. Nilimtazama nikawaza kwamba huenda alikuwa kidato cha pili mwaka ule ule niliokuwa mimi. Yeye aliendelea na cha tatu.

Alifanya kazi taratibu kama mtu anayetafuta chawa kichwani mwa mtoto. Alianza na karatasi, saa nzima mezani, akisoma daftari la ujenzi ambamo mdogo wangu alikuwa ameandika kila siku ya miaka minne kilichofanyika na nani kakifanya. Alipofika kwenye mabawa alisoma kwa sauti: "Ushonaji wa mbavu, umekamilika." Akainua macho. "Hapa hakuna jina. Nani kashona?"

"Mimi," alisema mdogo wangu. "Na mzee. Na fundi alikuja kutusaidia."

Nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka hapo. Fundi alikuja kutusaidia.

Mkaguzi aliendelea. Alipita kila nati kwa tochi, kwa kioo kidogo cha mpini pale macho yasipofika, akitafuta matone mekundu. Aliingia ndani ya ndege akasukuma usukani kushoto, mdogo wangu amesimama kwenye ncha ya bawa akisema kipi kimepanda na kipi kimeshuka, kisha kulia, kisha mbele na nyuma. Alipitisha kiganja juu ya mishono, utepe kwa utepe, akasimama na kugonga kwa kidole. "Mafundo yamekaa sawa sawa," alisema. "Nimekagua mengi sijaona yanayofanana hivi." Mdogo wangu alitazama chini. Mzee alinitazama mimi.

Ilipofika saa nane mchana alikuwa amekaa mezani na fomu yake. Mke wa mzee ameleta chai. Mdogo wangu alisimama nyuma ya kiti cha mzee, mkono begani kwake, na mzee alikuwa ameuwekea mkono ule mkono wake. Mkaguzi alifungua kalamu. Akauliza, kama watu wanaouliza wakijua jibu, "Kuna kitu chochote ambacho sikuuliza?"

Niliwatazama wale wawili na mikono yao.

"Sindano yangu moja imepungua," nikasema. "Nadhani iko ndani ya bawa la kushoto."

Mkaguzi alifunika kalamu. Aliniuliza mimi ni nani, nikamwambia ni dada yake huyu, na mimi ndiye niliyeshona. Aliniuliza sindano ya aina gani, nikamwonyesha zile nne zilizobaki. Aliniuliza nimejua lini. Nikasema juzi. Hakumtazama mdogo wangu, lakini alisubiri kidogo kabla ya swali lililofuata.

Mzee mwenyewe ndiye aliyekwenda dukani kuleta spika iliyoharibika. Niliitoa sumaku, nikaifunga kwa pamba na kitambaa, nikaanza kuipitisha chini ya bawa kuanzia mwisho. Kwenye chumba cha pili kutoka nchani, pale kati ya ubavu na ubavu, ikasikika: tik. Sauti ndogo ya kitu kinachojibu. Chini ya rangi nyeupe kikatokea kivimbe chembamba kilichopinda.

Mkaguzi alisema ikatwe. Mdogo wangu alichukua wembe, akaugusisha kwenye rangi, akauondoa. Niliuchukua nikakata mwenyewe kitambaa nilichokishona mwenyewe, urefu wa kidole, na sindano ikaja na sumaku. Mkaguzi alimulika ndani ya tundu. Akamwita mdogo wangu atazame. Upana wa kiganja kutoka pale ilipokuwa sindano ilikuwapo puli, na kwenye puli ule waya unaogeuza ndege.

"Ingeweza kulala hapa miaka kumi isifanye kitu," alimwambia. "Au wiki moja."

Fomu haikusainiwa. Alisema anakwenda Mbeya kwa kazi nyingine, atapita tena Jumapili akirudi. Bawa lizibwe, likauke, na daftari liandikwe kila kitu, nani kafanya nini na lini kajua. Kama akikuta limeandikwa nusu, asisumbuliwe tena. Alipoondoka, mdogo wangu alitoka akapanda kwenye mawe na kukaa huko. Mke wa mzee aliondoa vikombe. Aliponifikia alisema kwa upole, na nilichukia upole wake, "Ungesema jana, binti. Ungemwambia mzee jana." Alikuwa na haki. Kumwambia mdogo wangu peke yake hakukutosha, na nililijua hilo wakati namwambia.

Nilimfuata kwenye mawe kabla ya jua kuzama. Alikuwa akikohoa.

"Ulitaka nisiende," alisema.

"Nilitaka."

"Kwa hiyo umesema kwa sababu hiyo. Au kwa sababu ya sindano."

Nikafikiri. Alistahili nifikiri. "Sijui," nikamwambia. "Ningekuwa sina wivu, ningekuwa nimehesabu. Hilo ndilo ninalolijua."

"Wivu na nani?"

"Na wewe kumwita mtu Mama."

Alinigeukia kama amesikia lugha nyingine. Akasema ni mimi niliyemkataza. Akasema alikuwa na miaka minne na alilala akirudia neno Dada ili asikosee asubuhi. Tulikaa hapo mpaka baridi ikatushusha.

Kesho yake nilishona tundu, mishono ya kuvuka, karibu karibu. Alisimama nyuma yangu na brashi ya dawa akisubiri. Nilipofika fundo la mwisho nilisimama. Sikuuliza. Nilikuwa naona aibu kuuliza. Nikasikia nyuma yangu, taratibu, "Zimetimia?"

Nikamgeukia ili aone kifua changu. Alihesabu kwa midomo kama alivyokuwa akihesabu chini ya meza.

"Zimetimia," akajijibu mwenyewe, na nikafunga.

Jumapili mkaguzi alisoma daftari kwanza kabla ya kutazama bawa, akatikisa kichwa kukubali, akagusa kiraka, akasaini. Wiki mbili baadaye ndege ilipelekwa uwanja wa ndege wa Nduli kwa lori, ikaruka. Sikuwepo, nilikuwa banda langu Mwanjelwa, nilitumiwa picha. Mwezi uliofuata mdogo wangu alikwenda Arusha. Nilipita Iringa kumuaga, na yule mama alilia stendi mbele ya watu, kwa sauti, na mdogo wangu akamkumbatia muda mrefu. Mimi sikulia. Mimi hukunja nguo za mtu vizuri begini, huko ndiko kulia kwangu, na nguo zilikuwa zimeshakunjwa na mtu mwingine.

Basi lilipoondoka mzee alinichukua mpaka ghalani, akafungua kabati, akanipa daftari la ujenzi. Alidhani ningependa kuona. Nililifungua kwenye ukurasa wa ile wiki. Mwandiko wa mdogo wangu, herufi za kusimama nilizomfundisha kwa mkaa kwenye ubao wa meza. Pale palipokuwa na "Ushonaji wa mbavu, umekamilika" palikuwa pameongezwa jina langu, majina yote matatu. Chini yake maelezo ya sindano: imepotea lini, imeripotiwa kwake lini na kwamba hakuchukua hatua, imetolewa na nani, tundu limezibwa na nani. Jina langu tena, na tena. Mara nne kwenye ukurasa mmoja, tatu kati ya hizo zikihusu kosa langu.

Nilisoma mara mbili. Mzee alikuwa ametoka kufunga mlango wa nje. Nikarudi ukurasa wa kwanza wa daftari lile nene, nikaanza kufunua moja baada ya nyingine, miaka yote minne, nikishusha kidole kwenye kila mstari, kutafuta kama jina la mke wa mzee limeandikwa mahali popote.

Halikuwepo hata mara moja.